Gesi ikitanuka inapoa au haipoi? Joto na kazi vinanichanganya

chuma_moto

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi. Najiandaa na mtihani wa fizikia na nimekwama kwenye themodinamiki, hii mada ya joto, kazi na gesi kutanuka. Iko hivi, sehemu moja kwenye notsi zangu imeandikwa gesi ikitanuka inapoa kwa sababu inafanya kazi, nikasema sawa hiyo imeingia. Kurasa mbili mbele naambiwa gesi inatanuka na halijoto iko palepale, haijapanda haijashuka, na hapohapo tunaipa joto! Yaani kitu unakipa joto na hakipati moto? Mbele tena nakutana na gesi inayotanuka kwenye utupu, hiyo wanasema haifanyi kazi yoyote na haipoi, wakati imetanuka kama wenzake tu.

Sasa kanuni ni ipi hapo? Kukariri naweza, ila mtihani ukigeuza swali kidogo tu nimekwisha, kwa hiyo nataka kujua kwa nini. Na kingine, naona vitabu vingine vinaandika ΔU = Q − W na vingine ΔU = Q + W, ipi ndo sahihi maana haiwezekani zote zikawa kweli.

silinda4

Mkuu usiulize "imetanuka, je imepoa". Uliza mambo mawili, imesukuma kitu gani, na nishati ya kusukuma imetoka wapi. Kama imesukuma kitu na hakuna aliyeipa joto, nishati imetoka kwake yenyewe, lazima ipoe. Kama kuna anayeipa joto kiasi kilekile inachotumia kusukuma, inabaki ilivyo. Kama haijasukuma chochote haina cha kupoteza. Hizo habari zako tatu zote zimeisha hapo, wengine watakuja kufafanua kwa hesabu.

mwl_kelvini

Silinda4 amegusa penyewe, mi naongezea nyama kwa sababu hili swali linastahili.

Shika kitu kimoja kwanza: joto na kazi havikai ndani ya gesi. Ndani ya gesi kuna nishati ya ndani, ile U, basi. Ukiletewa silinda ya gesi mezani huwezi kuuliza ina kazi kiasi gani au ina joto kiasi gani, hayo maswali hayana jibu, unaweza kuuliza U yake tu. Joto ni nishati inayovuka mpaka kwa sababu upande mmoja una halijoto kubwa kuliko mwingine, kazi ni nishati inayovuka mpaka kwa sababu kuna kitu kimesukumwa kikasogea, na zikishaingia ndani hakuna alama inayobaki kwamba hii ilipita mlango wa joto na hii mlango wa kazi. Watu walichukua muda mrefu kulikubali hili. Rumford aliandika mwaka 1798 kuhusu mizinga iliyokuwa inatobolewa kule Munich, joto lilikuwa linatoka tu haliishi alimradi farasi wanaendelea kuzungusha mtambo, sasa kama joto lingekuwa aina ya kimiminika kilichojificha ndani ya chuma kingeisha siku moja. Baadaye Joule miaka ya 1840 akakoroga maji kwa mapanga yanayozungushwa na mizigo inayoshuka, akapima, na leo tunasema kalori moja ni jouli kama 4.19. Kazi tupu, hakuna moto uliowashwa, na maji yakapata moto.

Kwa hiyo sheria ya kwanza inasema kitu kimoja tu, mabadiliko ya U ni yale yaliyoingia ukitoa yaliyotoka. Hapo ndo jibu la swali lako la pili lilipo. ΔU ndo hayo mabadiliko, Q ni joto linaloingia. Wanafizikia wengi wanaiita W kazi ambayo gesi INAFANYA, inatoka, ndo maana wanaitoa: ΔU = Q − W. Wanakemia wanaiita W kazi ambayo gesi INAFANYIWA, inaingia, wanaijumlisha: ΔU = Q + W. Zote ni sahihi, herufi ni moja ila W zenyewe zinaelekea pande tofauti. Kwenye mtihani andika mstari mmoja juu kabisa kwamba "W ni kazi inayofanywa na gesi" na usibadilishe katikati ya swali, maksi nyingi sana zinapotelea hapo.

Sasa njoo kwenye namba, maana hapa ndo utaona mambo. Chukua moli moja ya heliamu, halijoto kelvini 300 (nyuzi 27 hivi), tuichukulie kama gesi kamilifu, yaani U yake inategemea halijoto peke yake. Kwa heliamu U ni 1.5 mara R mara T, T ni halijoto kwa kelvini, na R ni namba isiyobadilika ya gesi, 8.314. Tutaitanua mpaka ujazo uwe mara mbili, ila kwa njia nne tofauti.

Njia ya kwanza, silinda imefungwa vizuri joto lisiingie lisitoke, pistoni inasogea polepole huku gesi ikiisukuma. Hii ndo wanaiita adiabatiki. Q ni sifuri, kazi inalipwa na U peke yake, na hesabu inatoa halijoto ya mwisho kama kelvini 189, yaani nyuzi 84 chini ya sifuri! Kazi iliyofanyika ni jouli 1384 hivi.

Njia ya pili, silinda imezamishwa kwenye beseni kubwa la maji ya kelvini 300, pistoni inasogea polepole vilevile. Kila gesi ikitaka kupoa kidogo, maji yanaipa joto. Mwisho halijoto ni 300 ileile, ΔU ni sifuri, kazi ni RT mara logi asilia ya 2, jouli 1729, na joto lililoingia ni jouli 1729 hizohizo. Hii ndo isothemali yako. Joto limeingia kweli ila limepitiliza, limetoka upande wa pili likiwa kazi, ndo maana kipimajoto hakijaona kitu.

Njia ya tatu, unafungua bomba gesi inakimbilia chumba kitupu. Haisukumi chochote, W sifuri, Q sifuri, ΔU sifuri, halijoto 300.

Njia ya nne ndo hujaitaja na ndo inayovunja kabisa ile sentensi ya kwenye notsi zako. Weka pistoni yenye uzito uleule juu, presha haibadiliki, halafu washa moto chini. Ili ujazo uwe mara mbili kwa presha ileile halijoto lazima nayo iwe mara mbili, kelvini 600. Umeingiza jouli 6236, kati ya hizo 2494 zimetoka kama kazi ya kunyanyua pistoni na 3741 na ushee zimebaki ndani. Gesi imetanuka, imefanya kazi kubwa kuliko zote, na imepata moto!

Gesi moja, ujazo mara mbili kwa wote, na mwisho wa safari tuna 189, 300, 300 na 600. Kwa hiyo sentensi "gesi ikitanuka inapoa" haijakamilika mpaka useme imetanuka kwa njia gani.

chuma_moto

Aisee hizi njia nne zimenifungua, hiyo ya nne sikuwahi kuifikiria kabisa. Asante sana mwalimu.

Ila naomba niulize tena msinichoke. Nakubali kihesabu kwamba U inapungua, lakini molekuli zenyewe zinajuaje kwamba zimefanya kazi? Molekuli ya heliamu haina habari na sheria ya kwanza, inakimbia tu. Ni kitu gani hasa kinaipunguzia mwendo pistoni ikisogea? Na kwenye utupu kwa nini hakiipunguzii?

nyota_ya_kusi

Hili ndo swali ambalo natamani kila mtu angeuliza. Jibu liko kwenye pistoni inayokimbia.

Piga mpira ukutani, ukuta umetulia, mpira unarudi na mwendo karibu uleule. Sasa fikiria ukuta wenyewe unarudi nyuma wakati mpira unaugonga, mpira utarudi mdogomdogo, umepunguzwa kasi. Na ukuta ukija mbele mpira unarudi na kasi zaidi ya uliyokwenda nayo. Hivyo tu. Molekuli inayokwenda kwa mwendo v ikigonga moja kwa moja pistoni inayorudi nyuma kwa mwendo u, inarudi na mwendo v ukitoa u mara mbili. Molekuli za hewa kwenye kelvini 300 zinakwenda kama mita 500 kwa sekunde, pistoni ikirudi kwa mita 10 kwa sekunde basi iliyokwenda na 500 inarudi na 480. Rudia hiyo kwa molekuli zote, mgongano baada ya mgongano, wastani wa nishati yao ya mwendo unashuka, na wastani huo ndo halijoto yenyewe.

Mtu atasema basi pistoni ikienda polepole sana gesi haitapoa kwa sababu u ni ndogo. Hapana, na hapa naomba utulie kidogo. Pistoni ikienda polepole kila mgongano unapunguza kidogo zaidi, lakini muda ni mrefu kwa hiyo migongano inakuwa mingi zaidi kwa uwiano uleule. Ndo maana jumla haitegemei mwendo wa pistoni, alimradi iwe ndogo sana ukilinganisha na mwendo wa molekuli. Ukiivuta pistoni kwa kasi kuliko molekuli zenyewe, nyingi hazitaifikia kabisa, na hapo unaanza kukaribia ile njia ya tatu ya mwalimu.

Ambayo sasa inajieleza yenyewe. Bomba likifunguliwa kwenda kwenye utupu hakuna ukuta unaorudi nyuma, kuta zote zimetulia, kuna tundu tu. Molekuli inayopita kwenye tundu inapita na mwendo wake wote, inakwenda kugonga ukuta wa chumba cha pili uliotulia na inarudi na mwendo wake. Imepata nafasi kubwa zaidi ya kukimbia, hakuna aliyeipunguza.

Na isothemali nayo ni hivyohivyo. Pistoni inapunguza molekuli mwendo upande huu, halafu kuta za silinda zilizogusana na maji zina atomu zinazotikisika kwa nguvu, molekuli iliyochoka ikifika pale inapigwa teke inarudishiwa mwendo wake. Kinachotolewa na kuta na kinachochukuliwa na pistoni vinalingana.

silinda4

Na ukiigeuza hiyo ya nyota ndo unapata injini ya dizeli. Pistoni inakuja mbele, molekuli zinarudi na kasi zaidi, hewa inapata moto bila mtu kuwasha kitu. Ukibana hewa ya kelvini 300 mara 18, kwa hesabu ya adiabatiki inafika kama kelvini 950, nyuzi 680 hivi. Kwenye injini halisi inakuwa chini ya hapo maana kuta zinakula joto na kuna hewa inavuja, lakini dizeli inajiwakia yenyewe kwenye nyuzi mia mbili na kitu kwa hiyo nafasi bado ni kubwa. Haihitaji plagi ya cheche. Watu wanashika pampu ya baiskeli wanasema moto ni msuguano wa mpira wa ndani, msuguano upo ila sehemu kubwa ni hewa kubanwa, ndo maana mwisho wa pampu, pale hewa inapobanwa, ndo panachoma kuliko pengine.

bomba_kavu

Nawasoma kwa makini sana. Sasa mbona kopo la dawa ya kupuliza ukibonyeza kwa muda linakuwa baridi mpaka mkono unauma, na hapo gesi inatoka kwenda hewani haisukumi pistoni yoyote? Si ni mfano wa gesi kutanuka na kupoa? Kwa maelezo yenu ingetakiwa isipoe kama ile ya utupu.

nyota_ya_kusi

Hapana mkuu, hapo kuna vitu viwili tofauti. Kwanza haiendi kwenye utupu, inasukuma hewa ya nje, hewa ina presha na kuisogeza ni kazi kabisa hata kama huoni pistoni. Pili, na hili ndo kubwa, ndani ya kopo la namna hiyo mara nyingi kuna kimiminika kilichobanwa. Ukibonyeza, presha inashuka, kimiminika kinachemka kugeuka mvuke, na kuchemka kunahitaji nishati nyingi sana inayotolewa na kimiminika chenyewe na kopo. Baridi unayoishika mkononi sehemu yake kubwa inatoka hapo. Mtungi wa gesi ya kupikia unaoganda barafu kwa nje ukitumika kwa kasi ni hadithi hiyohiyo.

Na mvuke ni mfano mzuri wa mada yetu kwa sababu pale joto na kazi vinaonekana pamoja. Gramu moja ya maji kwenye nyuzi 100 na presha ya kawaida ya hewa inataka jouli kama 2257 ili iwe mvuke, na kipimajoto hakisogei hata kidogo. Zimekwenda wapi? Ujazo umetoka sentimita moja ya ujazo mpaka kama 1670, kwa hiyo mvuke umelazimika kuisukuma hewa ya juu yake kupata nafasi, hiyo ni jouli 169. Zilizobaki, zaidi ya 2080, zimetumika kuzibandua molekuli za maji zilizokuwa zimeshikana. Hapo U imeongezeka sana na halijoto ni ileile, kitu ambacho kwa gesi kamilifu hakiwezi kutokea, kwa hiyo usije ukaibeba ile "ΔU sifuri kwa sababu halijoto haijabadilika" ukaipeleka kwenye maji yanayochemka. Nimeona watu wengi wazuri wanaanguka hapo.

mwl_kelvini

Niongezee kwenye hilo la kushikana. Joule alijaribu ile ya utupu mwaka 1845, vyombo viwili vya shaba ndani ya maji, kimoja kina hewa ya presha ya atmosfia 22 na kingine kitupu, akafungua, maji hayakubadilika halijoto. Tatizo ni kwamba maji na shaba ni vizito mno ukilinganisha na ile hewa, badiliko dogo lingemezwa lisionekane. Kwa hiyo yeye na Thomson, huyuhuyu aliyekuja kuitwa Kelvin, miaka ya 1850 wakaja na njia kali zaidi, gesi inasukumwa ipite kwenye kizibo chenye vitundu kutoka presha kubwa kwenda ndogo, joto likizuiwa. Hewa ikapoa, kidogo, kama robo ya digrii kwa kila atmosfia ya presha iliyoshuka. Sababu ni kwamba molekuli halisi zinavutana kidogo, zikiachana zinapoteza mwendo. Ila hidrojeni na heliamu kwenye halijoto ya kawaida zinafanya kinyume, zinapata moto kidogo! Lazima uzipoze kwanza, hidrojeni mpaka chini ya kelvini 200 hivi, ndo zianze kupoa zikipita pale. Linde aliitumia njia hii kwa hewa mwaka 1895 akapata hewa ya kimiminika, Dewar akapata hidrojeni mwaka 1898, na heliamu ikasubiri mpaka Kamerlingh Onnes mwaka 1908.

chuma_moto

Nimewaelewa vizuri mno mpaka naona kama nilikuwa nasoma kitabu kingine. Sasa hapohapo limezaliwa swali. Kwenye isothemali mwalimu amesema joto jouli 1729 limeingia na kazi jouli 1729 imetoka, yaani joto LOTE limegeuka kazi, asilimia mia. Lakini sheria ya pili si inasema huwezi kugeuza joto lote kuwa kazi? Moja kati ya hizi mbili si ina kasoro?

nyota_ya_kusi

Hakuna yenye kasoro. Soma sheria ya pili taratibu: haiwezekani kugeuza joto lote kuwa kazi BILA kubadilisha kitu kingine chochote. Watu wanaimeza nusu ya mwisho. Angalia gesi yako mwisho wa isothemali, imebadilika, ujazo ni mara mbili, presha ni nusu. Umeshaitumia. Ukitaka kuendelea kupata kazi itanuke tena, na tena, mpaka silinda ijaze nyumba. Injini haiwezi kuishi hivyo, inabidi gesi irudi mwanzo ili izunguke tena, na kurudi ndo kuna gharama.

Sasa ukiirudisha kwa kuibana kwenye kelvini 300 zilezile, utailipa jouli 1729, faida sifuri. Ujanja aliouona Carnot mwaka 1824 ni kutanua ikiwa na moto na kuibana ikiwa baridi. Tanua moli moja mara mbili kwenye kelvini 600, unapata kazi ya jouli 3458. Ipoze kwa kuiacha itanuke adiabatiki mpaka 300, kisha ibane kwa uwiano uleule wa mbili kwenye 300, unalipa 1729, halafu ibane adiabatiki irudi 600. Zile hatua mbili za adiabatiki zinafutana, moja inatoa kazi ileile ambayo nyingine inaila. Kilichobaki mkononi ni 3458 ukitoa 1729, yaani 1729, kwa joto la 3458 uliloingiza. Nusu. Nusu nyingine imetoka kama joto wakati wa kubana kwenye baridi, na hakuna fundi atakayeizuia isitoke. Ndo ile 1 − T ya baridi gawanya kwa T ya moto, 1 − 300/600, na haijali kama ndani ya silinda kuna heliamu, hewa au mvuke.

Kinachonifurahisha mimi hapa ni kwamba Carnot alilifikia hili akiwa bado anafikiri joto ni kimiminika kinachoshuka kutoka juu kwenda chini kama maji. Ilibidi Clausius mwaka 1850 alikalishe pamoja na kazi za Joule, na mwaka 1865 akalipa jina entropi lile linalohesabiwa kwa kugawa joto kwa halijoto. Kwenye mfano wetu 3458 kwa 600 na 1729 kwa 300 zote zinatoa 5.76. Iliyoingia ndo iliyotoka, mzunguko umefunga.

bomba_kavu

Basi na mimi niulize la mwisho kwenye hilo. Ile gesi ya utupu, njia ya tatu, haikupoteza nishati hata jouli moja, halijoto ni ileile. Kwa hiyo kuirudisha kwenye chumba chake cha mwanzo itakuwa bure?

mwl_kelvini

Hapana, na hapa ndo utaona kwa nini sheria ya kwanza peke yake haitoshi. Nishati haijapotea kweli, lakini kuirudisha ile heliamu kwenye ujazo wake wa zamani kwa halijoto ya 300 lazima uibane, na kwa njia ya upole kuliko zote, polepole ndani ya maji ya kelvini 300, utalipa kazi isiyopungua jouli 1729. Ukifanya kwa haraka utalipa zaidi. Na hiyo kazi uliyolipa haibaki kwenye gesi, maana gesi imerudi palepale ilipokuwa na U ileile, yote imetoka kama joto kwenye maji.

Sasa linganisha na njia ya pili. Pale gesi ilitanuka ikakupa jouli 1729, ungeziweka mahali, kwa mfano kwa kunyanyua mzigo, na baadaye ungeushusha huo mzigo ukairudisha gesi na maji yakarudishiwa joto lao, kila kitu kama kilivyokuwa. Kwenye utupu hukunyanyua mzigo wowote. Entropi ya gesi imepanda kwa 5.76 njia zote mbili, ila kwenye njia ya pili maji yameshuka kwa 5.76 hizohizo na jumla ni sifuri, kwenye utupu hakuna aliyeshuka, ongezeko limebaki. Zidisha 5.76 kwa 300 utapata 1729 zako, hiyo ndo kazi uliyoweza kuipata siku ile unafungua bomba na hukuipata.

chuma_moto

Kwa hiyo kwenye swali la utupu nikiulizwa mabadiliko ya entropi nisiandike sifuri eti kwa sababu Q ni sifuri, si ndio?

mwl_kelvini

Ndio, usiandike. Q gawanya kwa T inafaa kwenye njia ya polepole inayoweza kurudi tu. Tafuta njia ya namna hiyo inayoanzia na kuishia palepale, hapa ni isothemali, hesabu kwenye hiyo, na jibu ni R mara logi asilia ya 2 kwa moli moja.